Walipogawana Nyimbo za Toshino

Mashine ilitoa alama tisini na moja nukta nne kwa wimbo ambao hakuna mtu aliyeuimba.

Ilikuwa Jumanne, saa tano asubuhi, kwenye ukumbi mdogo wa karaoke wa Mama Fusae, katika mtaa mmoja wa mji wa Kiryu ambao maduka yake mengi siku hizi hayafunguliwi tena. Wazee kumi na mmoja walikuwa wamekaa kwenye makochi mekundu, kila mmoja na bilauri yake ya chai baridi na kisahani cha figili iliyotiwa chumvi. Muziki ulipoanza, kila mtu alimtazama mwenzake.

"Wa nani huu?" Mama Fusae aliuliza kutoka nyuma ya kaunta, mikono ikiwa na povu.

Hakuna aliyeinua mkono. Vipaza sauti viwili vilikuwa mezani, vimevikwa vifuko vyao vya plastiki. Mzee Negishi, aliyefanya kazi ya kuongoza treni maisha yake yote na kustaafu na utani wake wote, alisema labda figili ndiyo imeagiza. Watu wakacheka. Kwa kuwa si adabu kuukata wimbo wa mtu, hata asipojulikana ni nani, wakauacha uendelee. Maneno yalipita kwenye skrini yakigeuka rangi moja baada ya jingine, taratibu, kana kwamba mtu anayafuata. Kisha tarumbeta za mashine zikalia, nambari zikazunguka, zikasimama.

"Imezeeka kama sisi," alisema Mama Fusae, akarudi kwenye vyombo vyake.

Kinue Hoshikawa hakucheka. Aliutambua wimbo tangu kinanda kilipogusa sauti ya kwanza. Ulikuwa "Barua Isiyo na Stempu", na tangu wiki mbili zilizopita ulikuwa wimbo wake. Kilichompanda kwanza hakikuwa hofu, ilikuwa hasira. Pale kwa Mama Fusae wimbo mmoja hauimbwi mara mbili kwa siku moja, kwa hiyo yeyote aliyeubonyeza alikuwa amemnyang'anya zamu yake. Alikaa hadi saa ya kuondoka, magoti yamebana mkoba, akiwatazama wenzake mmoja mmoja usoni.

Hasira ile ilikuwa na umri wa miaka arobaini na sita.

Mwaka 1979 Kinue alikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili katika kiwanda cha kufuma hariri. Alinunua santuri ya wimbo huo ulipotoka tu, akaucheza nyumbani mpaka mama yake akatishia kuitupa nje, na mchana akawa anauimba kwenye mtambo wake, kwa sauti nzito aliyozaliwa nayo. Jirani yake wa mtambo, Toshino Kuwabara, aliyemzidi miaka minne, akamwambia amfundishe. Kinue alimfundisha, akamwandikia na maneno kwenye karatasi ya kufungia nyuzi. Kwenye karamu ya mwisho wa mwaka, kabla Kinue hajamaliza kukunja mikono ya shati, Toshino alishasimama mbele ya wafanyakazi mia tatu, akauimba juu, juu kabisa, sauti ikipaa kama kishada. Watu walilia. Tangu siku hiyo wimbo ukawa wa Toshino. Huenda hakukusudia ubaya. Huenda hata hakukumbuka ni nani aliyemfundisha. Kuna watu wanaochukua vitu kwa moyo mweupe kabisa, na hao ndio wagumu kuwadai.

Mama Fusae alipofungua ukumbi, miaka ishirini iliyopita, alianzisha daftari. Kila mteja wa kudumu alikuwa na ukurasa wake, na juu yake nyimbo zake, na hakuna aliyegusa wimbo wa mwenziwe. Haikuwa sheria iliyoandikwa mahali. Ilikuwa adabu tu, kama kuvua viatu mlangoni. Ukurasa wa Toshino ulikuwa na nyimbo kumi na moja. Wa Kinue ulikuwa na mmoja, "Pengwini Mwenye Mwavuli", wimbo wa tangazo la sabuni ya miaka ya themanini, na hata huo hakuuchagua yeye. Toshino ndiye aliyekuwa akikishika kishikwambi cha kuchagulia nyimbo. Zamu ya Kinue ikifika, alikuta wimbo umeshabonyezwa.

"Haya, Kinue, tuchekeshe!" Toshino alikuwa akisema, huku akimsukumia kipaza sauti.

Na Kinue alisimama akatembea kama pengwini. Miaka kumi na tisa.

Mwezi wa saba uliopita Toshino alianguka bafuni. Kiharusi kilimchukua upande wa kulia na kikamchukua na maneno. Alipelekwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule juu mlimani. Wenzake walikwenda kumwona wawili wawili, kisha wakawa wanatuma kadi, na kadi nazo zikaisha. Si kwamba hawakumpenda. Ni vigumu kuketi mbele ya mtu aliyekuwa na sauti kuliko ninyi wote, akawatazama bila kusema kitu.

Mwezi wa pili, Mama Fusae alitangaza tamasha la kutimiza miaka ishirini. Lingefanyika mwezi wa nne katika ukumbi wa kata, kwa watu mia mbili, na kila mteja wa kudumu angeimba wimbo mmoja jukwaani. Hapo ndipo mtu mmoja alipouliza, huku akimenya chungwa, nyimbo za Toshino zifanyweje.

"Zikae tu zikioza?" alisema mzee Negishi. "Mimi nitachukua ule wa kituo cha treni, kwa haki ya taaluma."

Wakaufungua ukurasa. Wakagawana, huku na huku, kwa heshima, kila mmoja akijidai anachukua kwa sababu mwenzake amemlazimisha.

"Kama vile tunagawana kimono za marehemu," alisema Negishi.

Kicheko kilitoka kifupi. Hakuna aliyesema kwamba Toshino hajafa. Mama Fusae, kwa nia njema, aliitoa picha yake kwenye zile picha za wateja ukutani, akaiweka peke yake juu ya rafu, na mbele yake kikombe cha chai.

"Mimi nataka mmoja tu," alisema Kinue, na sauti yake ilikuwa kavu kiasi cha kuwafanya wote wageuke. "'Barua'."

Hakuna aliyebisha. Kwa mara ya kwanza maishani angeuimba mbele ya watu, kwa sauti yake nzito, kama ulivyostahili tangu mwanzo. Alikuwa na miaka sitini na minane. Hakuwa na jambo jingine alilolitaka.

Sasa ilikuwa Ijumaa, siku tatu baada ya mashine kumpa alama mtu asiyekuwepo. Kinue alifika wa kwanza, akakichukua kishikwambi kabla hajavua koti. Wenzake walipokwisha kuketi akauchagua wimbo wake, akaushusha ngazi tatu ili ulingane na koo lake, akasimama.

Muziki ulianza juu. Si ngazi tatu chini, bali tatu juu, pale pale Toshino alipokuwa akiuweka. Kinue akabonyeza kushusha. Nambari ikashuka, kisha ikapanda yenyewe, polepole, moja, mbili, tatu, mbele ya macho yake.

"Nani anachezea mashine?"

"Hakuna anayechezea, dada," alisema Mama Fusae. "Imba tu, utaifikia."

Aliimba. Kwenye ubeti wa pili akasikia harufu ya mafuta ya kamelia, yale aliyokuwa akipaka Toshino nywele zake zisitawanyike, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya uji uliopoa na dawa ya kusafishia sakafu na shuka zilizolaliwa mno. Ikamjia kutoka nyuma, kama mtu anayempumulia shingoni. Na kooni mwake, pale anapotaka kushusha sauti, kitu kikawa kinaisukuma juu, kama kidole cha mtu kinavyosukuma kidevu cha mtoto asiyetaka kunywa dawa. Sauti yake ikapanda mahali ambapo haijawahi kufika. Watu wakapiga makofi. Mashine ikatoa tisini na moja nukta nne.

Alipokaa hakuweza kumeza mate.

"Umeimba kama dada Toshino mwenyewe!" Negishi alimwambia.

"Wewe ndiye uliyepandisha ngazi."

"Mimi?"

"Wewe na mizaha yako. Mmekaa hapa miaka yote mnanicheka, sasa nimepata kitu kimoja, kimoja tu, mnakitia mkono!"

"Kinue, mikono yangu yote miwili imeshika figili. Tazama."

Hakutazama. Alichukua mkoba wake akatoka, na mlangoni alipotaka kuaga kwa adabu, sauti haikutoka.

Kufikia Jumanne iliyofuata alikuwa akizungumza kama mwanzi uliopasuka. Daktari alimchungulia koo kwa taa yake, akasema halina kitu, anywe maji ya uvuguvugu. Tamasha lilikuwa limebakiza wiki tatu. Nyumbani Kinue alisimama jikoni akajaribu kuimba chochote, hata wimbo wa shule, akasikia upepo mtupu. Akalitupa sufuria kwenye sinki. Alikuwa ameishi peke yake tangu mumewe afariki, na hakuwahi kutupa kitu kwa hasira katika nyumba ile.

Pale ukumbini mambo yaliendelea kuharibika. Kila aliyeimba wimbo wa Toshino alishikwa na kikohozi, na Negishi, alipofika kwenye kile kituo chake cha treni, aling'atwa na kitu ulimini mpaka damu ikatoka. Mama Fusae aliifunga mashine, akamwita fundi, na fundi akasema ni nzima kuliko yeye. Ndipo alipomwita mtawa kijana kutoka hekalu la ukoo wake, aje amsomee dada Toshino.

Kosa lao kubwa lilikuwa hilo. Kijana wa watu aliambiwa tu kuna roho isiyotulia, akaona picha juu ya rafu na chai mbele yake, kama wanavyowekewa marehemu, akaelewa kama mtu yeyote angeelewa. Alipiga magoti, akawasha ubani, akaanza kuwasomea wafu.

Mashine haikuwa imechomekwa kwenye umeme. Mama Fusae aliapa hivyo baadaye mara nyingi, na kila mtu aliuona waya wake umelala sakafuni kama mkia. Lakini mtawa hajafika ukurasa wa pili, skrini ikawaka, na kwenye orodha ya nyimbo zilizoagizwa likaingia jina moja, 'Barua Isiyo na Stempu', kisha jina hilo hilo tena, na tena, likishuka mstari kwa mstari mpaka orodha ikajaa, na spika zikaanza kutoa si muziki bali mlio uliowasimamisha nywele wale wote waliowahi kufanya kazi viwandani, mlio wa mitambo ya kufumia ikipiga yote kwa pamoja, taka-taka, taka-taka, na ndani ya mlio huo mtu akiimba kwa kupiga kelele ili asikike, na harufu ya uji na dawa ikajaa chumbani mpaka ubani ukamezwa, na Kinue, ambaye kwa siku kumi hakuwa na sauti hata ya kumwita paka, akahisi kinywa chake kinafunguliwa, kinafunguliwa kwa nguvu kutoka ndani kama mlango unaopigwa teke na mtu aliyefungiwa, na ikatoka sauti ya juu, kali, ambayo kila mmoja pale aliijua.

"Bado nipo!" ilisema. "Bado nipo! Bado nipo!"

Mtawa alidondosha kitabu. Ile sauti ilirudia mpaka Kinue akaanguka juu ya kochi, na hata hapo midomo yake iliendelea kucheza bila sauti, macho yamemtoka, machozi yakimtiririka. Waliokuwepo walidhani ni machozi ya hofu. Kinue alijua si hofu. Hakuwahi kukasirika namna ile, na nusu ya hasira ile haikuwa yake.

Ng'ambo ya mto, nyuma ya nyumba ya mtengeneza tofu, aliishi Bibi Orie. Alikuwa mganga, ingawa mwenyewe alisema yeye ni mkandaji wa migongo tu. Alikuwa na karibu miaka tisini na masikio makubwa. Mama Fusae alimpeleka Kinue kwake kesho yake, na kwa kuwa Kinue hakuweza kuzungumza, yeye ndiye aliyeeleza.

"Huyo anayewajia ananuka nini?" Bibi Orie aliuliza.

"Mafuta ya kamelia, bibi. Na uji. Na dawa ya sakafu."

"Uji." Bibi Orie alikuna sikio. "Maiti hanuki uji. Mwenye kunuka uji amelishwa leo asubuhi."

Mama Fusae alimgeukia Kinue.

"Huyo mwenzenu amezikwa wapi?"

"Hajazikwa, bibi. Hajafa. Yuko kule juu mlimani, kwenye nyumba ya wazee."

Bibi kizee aliwatazama, mmoja kisha mwingine.

"Mtu yuko hai, anameza uji kwa kijiko, mmekaa mmegawana vitu vyake. Mmemwekea chai ya marehemu. Kisha mkaleta mtu amfukizie ubani. Ningekuwa mimi ningewang'ata ninyi nyote, si yule mzee mmoja."

"Hatukuwa na nia mbaya," Mama Fusae alinong'ona.

"Najua. Hakuna mwenye nia mbaya anayekuja hapa." Akamshika Kinue koo kwa vidole viwili vikavu. "Huyu si mzimu wa aliyekufa. Ni roho ya mtu aliye hai, imebebwa na hasira. Inatoka tu, kama maziwa yanavyofurika sufuria. Mwenyewe pengine hajui hata kama inatoka. Huwezi kuifukuza, kwa sababu ina kwao. Inabidi umwombe mwenyewe airudishe ndani."

Kinue alikichukua kipande cha karatasi, akaandika: *Wimbo ulikuwa wangu kwanza.*

Bibi Orie alisoma akiwa ameweka karatasi mbali na macho.

"Inawezekana," alisema. "Unataka haki au unataka sauti? Hapa natoa sauti tu."

Dawa yenyewe ilikuwa ndogo. Kinue aende na kitabu cha nyimbo. Amrudishie Toshino wimbo wake kwa mdomo, mbele ya uso wake. Kisha Toshino amchagulie yeye wimbo mmoja, na Kinue auimbe pale pale kitandani, na huo ndio utakaokuwa wake mpaka mmoja wao aingie kaburini. Kinue alisikiliza yote hayo bila kupepesa macho. Alipokuwa akivaa viatu, Bibi Orie alimtazama kama mtu anayetaka kuongeza neno, kisha akafunga mlango wake wa karatasi.

Walipanda mlimani Jumapili baada ya chakula cha mchana. Mama Fusae alibaki kwenye korido. Mhudumu, msichana aliyeitwa Yuzuki, alimpeleka Kinue mpaka chumbani akizungumza kwa sauti ya chini.

"Nimefurahi kaja mgeni. Huwa hajambo, ila Jumanne na Ijumaa. Siku hizo anatoka jasho, anashika chuma cha kitanda mpaka tunashindwa kumbandua. Daktari haoni sababu."

Toshino alikuwa amepungua. Nywele zake, alizokuwa akizipaka mafuta zikang'aa kama meza iliyopakwa vanishi, zilikuwa zimekatwa fupi kama za mvulana. Upande mmoja wa uso ulikuwa umelala. Upande wa pili ulikuwa macho, na jicho lake lilimshika Kinue tangu mlangoni halikumwachia.

Kinue alikaa. Alikuwa ameandaa maneno ya adabu. Mdomo ulipofunguka, pumzi ile iliyopasuka ikatoa mengine, kwa mnong'ono wa kukwaruza.

"Dada Toshino. Mimi ndiye niliyekufundisha ule wimbo. Unakumbuka? Kwenye karatasi ya nyuzi. Neno kwa neno."

Jicho halikusogea.

"Hukuniomba. Ulisimama tu. Miaka yote hiyo nimekupigia makofi. Nimecheza pengwini, na magoti yangu haya, ili wewe upumzishe koo. Umeanguka, nikasema basi, sasa. Wimbo mmoja tu. Na hata ukiwa umelala hapa, hata mkojo wanakubebea watu, bado umekuja kunikaba!"

Alikuwa amesimama bila kujua. Kutoka kitandani ilitoka sauti, si neno, mngurumo tu, na mkono wa kushoto wa Toshino ukainuka ukapiga chuma cha kitanda. Mara moja. Mara mbili. Kinue akaona kwamba mwenziwe naye analia, kwa jicho moja, na kwamba hakuna huzuni katika machozi yale. Miezi minane hakuna aliyemkasirikia mtu huyu. Walikuwa wakimsemesha kama mtoto mchanga. Walikuwa wakimwimbia nyimbo za kulala, yeye, Toshino Kuwabara.

Wakatazamana hivyo, wanawake wawili wenye hasira, mpaka pumzi zikatulia.

"Wimbo ni wako," alisema Kinue. Meno yalimgongana. "Nimekurudishia. Haya. Nichagulie."

Akamfungulia kitabu juu ya mapaja, kile kitabu cha zamani kinene ambacho Mama Fusae huwawekea wenye macho mabovu. Toshino alifungua kurasa kwa mkono wake mzima. Alichukua muda wake. Alipita kurasa za nyimbo za mapenzi, za safari, za theluji, nyimbo elfu na elfu ambazo angeweza kumpa, nzito, za chini, zilizolingana na koo la Kinue kama nguo ya kupimwa. Kinue alizisoma zote kutoka upande wa pili wa kitabu, maandishi yamepinduka, zikipita, na moyo wake ukaanza kutumaini. Kidole kikasimama.

Pengwini Mwenye Mwavuli.

Labda ilikuwa dhihaka. Labda ulikuwa upendo. Pengine katika miaka ile yote hakuna kilichomfurahisha Toshino kuliko kumwona Kinue akitembea kama pengwini, na huko alikolazwa hakuna kicheko. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa ukitabasamu, lakini nusu ya tabasamu haisomeki.

Kinue alisimama katikati ya chumba, akabana mikono mbavuni, akaimba. Kwenye mstari wa tatu sauti yake ilirudi, yote, nzito na mviringo, kama maji yanavyorudi bombani. Yuzuki mlangoni alipiga makofi. Toshino alilala usingizi kabla wimbo haujaisha, uso umelegea.

Kuanzia hapo ukumbi ulitulia. Mama Fusae alimwaga ile chai, akairudisha picha ukutani kati ya zile za wengine, na ukurasa wa Toshino haukuguswa tena. Walianza kumtembelea kwa zamu. Ulimi wa Negishi ulipona, na utani ukarudi nao. Kwenye tamasha, mbele ya watu mia mbili, Kinue aliimba wimbo wake huku Negishi akimpigia tari, na ukumbi mzima ukacheka mpaka mtoto mmoja akadondoka kwenye kiti. Wakampa shada la maua. Alilishika vizuri, akainama, akarudi nyumbani kwa basi. Watu walisema Kinue amekuwa mpole kuliko zamani. Alikuwa akilala sana mchana, usingizi mzito wa saa nzima, na aliamka akiwa amechoka.

Mwezi wa sita, asubuhi moja akianika nguo, simu ililia. Alikuwa Yuzuki, na alizungumza kwa kunong'ona kama mtu aliyejificha kabatini.

"Mama Hoshikawa, samahani sana. Sikutaka kukusumbua. Ni kuhusu ule utaratibu wa kutembelea."

"Nilikuja mara ya mwisho wiki mbili zilizopita. Kuna tatizo?"

"Ndiyo, ila..." Msichana alishusha sauti zaidi. "Saa nane mchana tunafunga milango, wazee wanapumzika. Haingii mtu. Nakuomba usije saa hizo."

"Sijaja saa hizo."

"Mama, nimekuona mwenyewe. Jana na juzi. Umesimama miguuni mwa kitanda. Nimekuita hukugeuka. Na yeye anakuwa amejibana ukutani na kwa mkono wake ule mmoja ameziba sikio. Leo amekataa hata uji. Tafadhali. Anakuogopa."

Kinue alisimama na shati la bluu lililolowa mkononi, maji yakidondoka juu ya vidole vya miguu. Alijua alikuwa wapi jana saa nane. Alikuwa kwenye mkeka wake, amelala fofofo. Alijua pia, kwa sababu si mjinga, kwamba inampasa kuvaa viatu sasa hivi, avuke mto mpaka nyuma ya nyumba ya tofu, akapige magoti. Aliliwaza hilo kwa dakika nzima. Mhudumu alikuwa bado kwenye simu, akipumua.

"Nikiwa hapo nafanya nini?" aliuliza hatimaye.

"Unaimba, mama. Wimbo fulani wa zamani. Kuhusu barua."

"Kwa sauti ya chini?"

"Ndiyo. Ya chini sana."

Kinue alilitandaza lile shati kwenye kamba, akalinyoosha kola kwa vidole, taratibu.

"Naimba vizuri?" aliuliza.